Mkate wa Soseji wa Shemasi Verlin

Mheshimiwa Harlan Napier, mwenyekiti wa bodi ya hospitali yetu. Mchungaji Lovell na Mama Mchungaji. Waheshimiwa mashemasi, na hasa Shemasi Verlin Stidham, niliyemwekea kiti cha mbele kwa makusudi. Ndugu na majirani, pamoja na ninyi mliokuja kwa ajili ya kuku wa kukaanga tu: karibuni nyote, wala msijifiche nyuma ya nguzo, nawaona.

Mimi ni Wilma Jean Fugate, yule wa kukaanga soseji kwenye kituo cha mafuta pale njia panda. Shule niliiacha darasa la tisa, kwa hiyo nimeandika kama ninavyoongea. Mkiona nimeshika karatasi kwa mikono miwili msidhani ni unyenyekevu, ni woga. Leo tunampongeza binti yangu Tressa, aliyerudi milimani kwetu na shahada ya udaktari katika uuguzi wa nusukaputi. Yaani ukienda kupasuliwa, yeye ndiye anayekupa usingizi, anayelinda pumzi yako wakati wewe hujui hata jina lako, kisha anakuamsha. Wengi wenu mnapenda kuzungumzia ule usingizi. Mimi mama naona kuamshwa ndiko kwenye kazi.

Nianze na shukrani. Nawashukuru kwa ushauri wote mliompa binti yangu, ambao hakuna aliyeuomba. Alikuwa muuguzi wa wagonjwa mahututi, ana mshahara mzuri, halafu akaacha kazi kwa sababu masomo yale hayakupi nafasi ya kufanya kazi. Siku hiyo hiyo Shemasi Verlin alisimama mbele ya kaunta yangu akasema, "Dada Wilma, mtoto anaacha mshahara akajifunze kulaza watu? Si Mchungaji hutulaza kila Jumapili, tena bila shahada?" Mchungaji, mimi sikusema. Mimi nilicheka tu.

Na nani atasahau lile swali lenu la busara, "Sasa huyu ni daktari au nesi?" Mliliuliza sokoni, mkaliuliza msibani, mkaliuliza hapa kanisani wakati wa sala. Ni daktari, ni muuguzi, na ni wa kwetu. Kama mambo matatu ni mengi, shikeni hilo la mwisho.

Mnadhani waliompokea chuoni walimpokea kwa kuwa wanaipenda kaunti yetu? Mara ya kwanza walimkataa. Alipoitwa tena kwenye usaili, usiku wake alikaa jikoni kwangu akasema, "Mama, niulize swali gumu." Nikamuuliza, "Utaolewa lini?" Akasema, "Mama, gumu la kazi." Nikamwambia hayo sina, nina supu. Akala, akaenda, akapokelewa. Sisemi ni supu, lakini mara ya kwanza hakuila.

Miaka yote mitatu nilimpigia simu kila jioni. Mambo ya gesi na mapafu na moyo sikuyaelewa, kwa hiyo nilikuwa na swali langu moja: "Umekula?" Naye alijibu "Nimekula, Mama," kwa sauti ya mtu aliyekula biskuti kavu akiwa amesimama. Sasa naambiwa kazi yake yenyewe inaanza kwa swali hilo hilo. Ila kwake jibu zuri ni hapana, maana mtu akipewa usingizi tumbo limejaa, chakula hupanda na kuingia mapafuni, na anaweza asiamke.

Hapo ndipo tunafika kwako, Shemasi. Kaa vizuri.

Mwaka jana Tressa alikuja kumalizia mafunzo hapa, chini ya yule mzee wa nusukaputi kabla hajastaafu. Na Shemasi Verlin alipangiwa upasuaji wa ngiri. Asubuhi hiyo akaondoka hospitali bila upasuaji, akaenda moja kwa moja kwa kinyozi, akatangaza, "Binti wa Wilma aliogopa. Hajui kulaza hata kuku." Mkaamini. Tangu hapo, mwenye jino anaendesha gari hadi hospitali ya mjini Lexington, mwenye mimba naye hadi Lexington.

Nilimuuliza Tressa, akasema, "Mama, habari za mgonjwa hazitoki chumba cha upasuaji." Hiyo ni sheria ya kazi yake. Kituo cha mafuta hakina sheria hiyo. Mkate wa soseji wa asubuhi ile nilimuuzia mimi, nisijue anaelekea wapi, na yaliyobaki nimeyapata kwa mkewe Opal, aliyekuwa amekaa pembeni ya kitanda na amenipa ruhusa kwa furaha.

Daktari wa kupasua, mgeni kutoka mjini, alimuuliza, "Umekula?" Akajibu, "Hapana." Wala hakudanganya. Kwetu mkate wa soseji si chakula, ni kitu unachoshika mkono mmoja huku wa pili uko kwenye usukani. Nani humu amewahi kuuita mlo? Basi Tressa, aliyekulia nyuma ya kaunta ile, akainama akamuuliza kwa upole, "Mzee Verlin, leo ulichukua wa soseji au wa mayai?" Naye akajibu, "Wa soseji, mwanangu. Wa mayai ulikuwa umeisha."

Huo ndio woga wa binti yangu. Aliogopa kukuzika, Shemasi.

Mheshimiwa Napier, umetuambia chumba cha upasuaji, kilichofungwa yule mzee wa nusukaputi alipostaafu, kinafunguliwa tena Jumatatu, na watu wasipokuja hadi Krismasi kitafungwa moja kwa moja. Kikifungwa, binti yangu ataondoka. Lexington wanamtaka, nao hawaulizi kama ni nesi. Mimi nitabaki na simu yangu ya jioni. Nimecheka sana leo, lakini hilo silichekei.

Kwa hiyo, Shemasi, kwa kuwa kila Jumapili unaimba umeshika kiuno kwa ngiri hiyo hiyo, na Lexington huendi kwa kuogopa barabara zake, Opal amekwisha kukuandikisha. Jumatatu, mtu wa kwanza. Usimwangalie Opal, niangalie mimi. Utakwenda?

Mmeona wote, ameinamisha kichwa. Mheshimiwa, andika hiyo ni ndiyo.

Basi leo kula, Shemasi. Chukua paja, chukua na pudini ya ndizi. Jumatatu asubuhi, pale kituoni, hakuna mtu anayeitwa Stidham atakayeuziwa kitu isipokuwa petroli.

Na wewe, mwanangu Tressa. Najua unajua kazi. Bado nitaogopa, ndiyo shule pekee niliyoimaliza. Ukishamwamsha huyu mzee na kumsikia akilalamika, toka nje. Nitakuwa koridoni na mkate wa mayai, nitakaokuwa nimeuficha mapema chini ya kaunta usiishe. Nitakuuliza swali langu moja, na safari hii unijibu ukweli.

Nawashukuru wote kwa kunisikiliza mkiwa macho.