Posa ya Telesphory na Muvi ya Mpishi wa Tambi

Kijiwe cha Hamdani kiko Ujiji, ubavuni mwa kibanda cha kuziba pancha, na benchi lake ni ubao wa mtumbwi mkongwe uliolazwa juu ya rimu mbili za gari. Wanaokaa pale wanajulikana. Kuna Mzee Nikodemu, karani mstaafu wa ushirika, anayeitwa Spika kwa sababu akishaanza kusema hakuna wa kumkatiza. Kuna Adolf wa bodaboda, anayeitwa Data kwa sababu kila uongo wake huutanguliza kwa kuapa kwamba ana data. Na kuna Hamdani mwenyewe, muuza kahawa, ambaye hana jina la utani kwa kuwa yeye ndiye anayewabandika wenzake. Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, akatokea Telesphory, fundi wa mashine za mitumbwi kule Katonga, ambaye hapo kijiweni wanamwita Plagi. Hakuja kunywa kahawa. Alikuja kutafuta hukumu, na kwa jinsi alivyokaa, miguu imekita chini na mikono imekunjwa kifuani, ilionekana haondoki bila kuipata.

— Shikamoo, Mzee Nikodemu.

— Marahaba, mwanangu. Mwakeye, akaongeza kwa Kiha. Mbona uso umeukunja asubuhi yote hii?

— Nina neno, mzee. Nataka kijiwe kiamue leo. Ile muvi ya Kikorea, ya mpishi wa tambi na hakimu. Inastahili sifa inazopewa, au haistahili?

Hamdani akaacha kusuuza vikombe. Kwa wiki tatu mji haukuwa na habari nyingine. Kuanzia Katubuka mpaka Simbo, watu walikuwa wanamzungumzia yule mpishi maskini aliyempenda bibi hakimu mkali, akamkosea, akafukuzwa, na mwisho akaenda kusimama kwenye mvua nje ya mahakama akamweleza yaliyo moyoni. Wanawake walilia. Wanaume walisema hawakulia.

— Na wewe Plagi tangu lini unajali muvi? akauliza Hamdani.

Telesphory akamtazama Mzee Nikodemu kwanza, maana jambo lenyewe lilimhusu. Mzee ndiye aliyekuwa mshenga wake. Ndiye aliyepeleka barua ya posa kwa kina Joanitha, ndiye aliyejibu maswali yote ya wazee wa kule, na alijibu vizuri hivi kwamba baba yake Joanitha alimwomba arudie. Yalikuwa yamebaki machache. Kesho, Jumapili, baada ya misa, familia mbili zilikuwa zikutane kupanga siku ya harusi.

— Juzi Joanitha kaniita, akasema. Kaniambia hivi: "Tangu barua ya kwanza mpaka leo anayesema ni Mzee Nikodemu. Mwenzangu, anayenitaka ni yeye au ni wewe? Katazame ile muvi. Yule mpishi alikwenda mwenyewe, akasema mwenyewe. Na mimi nataka kusikia kwa kinywa chako kabla ya Jumapili. Usiposema, nitamwambia baba airudishe barua."

— Haa! akashangaa Adolf. Na wewe ukamjibu nini?

— Nilimwambia nitaitazama, na mpaka leo sijathubutu.

Hapo alisema kweli, ila hakusema yote. Telesphory alimpenda Joanitha, na hilo halikumsumbua hata kidogo. Kilichomsumbua ni ulimi wake. Mashine ikikohoa ziwani anaujua ugonjwa wake kabla haijafika ufukweni, lakini akisimama mbele ya Joanitha maneno yanamkimbia yote, anabaki anasifia hali ya hewa. Kwa hiyo alikuwa amepiga hesabu zake: kijiwe kikiamua kwamba ile muvi ni upuuzi, atakwenda kumwambia Joanitha kuwa watu wazima wamekaa wakaona ni upuuzi, na mambo yaendelee kama yalivyokuwa.

— Haistahili hata robo! akasema Mzee Nikodemu, ambaye alikuwa amevimba tangu aliposikia jina lake. Nimeitazama mwanzo mpaka mwisho. Sikuona baba mdogo, sikuona shangazi, sikuona hata jirani wa kumtuma. Mwanamume mzima anajipeleka mwenyewe kwenye mvua! Kwetu huyo angeulizwa, wewe umezaliwa na nani?

— Labda ni yatima, mzee, akasema Hamdani.

— Hata yatima ana parokia!

— Si yatima, akadakia Adolf. Nina data. Jamaa ana ukoo wake mkubwa tu. Alisema mwenyewe mle ndani kwamba ana mjomba Kasulu.

— Nani kasema? akauliza Mzee Nikodemu.

— Mpishi! Pale alipounguza tambi. Akasema, "Bora ningebaki kwa mjomba Kasulu nilime maharage, haya yote yasingenipata."

— Mkorea ana mjomba Kasulu?

— Ndiyo maana nawaambia muvi ni kali kinoma! Wale watu wametafiti. Yule jamaa lazima alikaa Kasulu, labda kwenye mashirika ya wakimbizi. Anajua mpaka msimu wa maharage!

Hamdani akacheka mpaka birika likamtikisika mkononi.

— Data, hayo ni maneno ya DJ Chikichi. Si ndiye anayetafsiri? Sauti yote ya Kiswahili mle ndani ni yake, hakimu yeye, mpishi yeye, mpaka mbwa anabweka yeye. Na kila muvi anaweka mjomba Kasulu. Hata ile ya mazimwi mjomba alikuwepo.

— DJ anatafsiri kinachosemwa. Hawezi kubuni. Atafungwa!

Telesphory akapiga ubao kwa kiganja.

— Jamani, mimi nina siku moja tu. Inastahili au haistahili?

— Tulia, akasema Hamdani, mambo haya yana mzizi. Kule kwao vijana hawataki kuoa. Serikali imehangaika, ikaona iwatengenezee muvi za mapenzi ziwatie hamu. Ni dawa, ile. Sasa dawa yao imeletwa huku kwa watu wasioumwa, ndiyo maana posa ya Plagi inatapika.

— Si serikali, ni kampuni ya tambi, akasema Adolf. Hebu fikiria. Mapenzi yanaanza kwenye tambi, yanavunjika kwenye tambi, yanarudi kwenye tambi. Mtaa mzima wa Mwanga sasa hivi tambi hazipatikani. Na ile mvua imenunuliwa. Mvua gani ile inamnyeshea mtu mmoja na hakimu yuko mkavu?

— Nyote hamjaona mbali, akasema Mzee Nikodemu, na sasa alisimama, jambo analolifanya kwenye misiba na uchaguzi tu. Hii ni vita dhidi ya washenga. Wanataka kuufuta ushenga duniani kote! Wakishaufuta, siku mke na mume wakigombana watampelekea nani kesi? Watapiga simu Korea? Watamwamsha mpishi? Oya, nimekataa! Mimi nimeozesha watu kumi na saba na hakuna hata mmoja aliyelowa!

Kijiwe kikaangua kicheko, ila Telesphory hakucheka. Alimwonea huruma mzee, na hapo hapo alimkasirikia, na hasira ile ilimtisha kwa sababu hakuwahi kuwa nayo.

— Tupige kura, akasema. Mzee?

— Haistahili.

— Data?

— Inastahili. Bonge la muvi.

— Hamdani?

— Mimi nauza kahawa kwa pande zote mbili, akasema Hamdani. Usinitie kwenye matatizo.

Kura zikawa moja kila upande. Telesphory mwenyewe hakuweza kupiga, maana ilikuwa kesi yake. Akatazama barabarani kutafuta mtu wa kuvunja sare, na bahati ikamleta Bwana Isaka, afisa kilimo aliyehamia kutoka Lindi, mwenye wiki mbili tu mjini na ambaye bado alikuwa anaona ajabu kuambiwa maji yote yale ni ziwa, si bahari. Alitaka kahawa. Wakamsogezea nafasi, wakamweleza shauri lote kwa mpigo, mpishi, hakimu, mvua, mshenga na Joanitha, kisha wakamtaka apige kura.

— Poleni ndugu zangu, lakini mimi sijaiona, akasema Bwana Isaka.

— Si lazima uwe umeiona, akasema Adolf. Wewe piga tu.

— Sasa nitapigaje? Nisaidieni kitu kimoja basi. Huyo mpishi, pale kwenye mvua, alimwambia nini huyo hakimu?

— Alimwambia... akaanza Mzee Nikodemu.

Wakamsubiri. Mtu ambaye hakuna aliyewahi kumkatiza, siku hiyo alijikatiza mwenyewe. Akafunga kinywa, akakaa.

— Data? akauliza Telesphory.

— Pale... Ngoja. Pale anafungua mdomo, si ndiyo? DJ Chikichi akaanza salamu. "Salamu kwa wana wa Mwandiga, salamu kwa wana wa Kibirizi, salamu kwa mafundi wote wa redio." Halafu akataja namba yake ya simu.

— Mara mbili, akasema Hamdani polepole. Alipomaliza kuitaja, walikuwa wameshakumbatiana.

— Kwa hiyo alichosema hamkijui? akauliza Bwana Isaka.

— Hatukijui, akakiri Hamdani.

— Hakuna anayekijua hapa mjini?

— Flashi zote za muvi ile zimetoka kwa DJ huyo huyo, akasema Adolf, na kwa mara ya kwanza hakuwa na data.

Bwana Isaka akanywa kahawa yake. Telesphory alikuwa ameinamisha kichwa, na wenzake wakadhani amekata tamaa, kumbe sivyo. Kwa siku mbili alikuwa anatunga maneno ya kumfikia yule mpishi. Ameyatunga chini ya mitumbwi, ameyatunga kitandani, akayatupa yote kwa kuwa aliamini mpishi alisema mazuri zaidi. Na mpishi hakuna aliyemsikia! Hata Joanitha hakumsikia. Alichokiona Joanitha ni mwanamume aliyetoka kwake kwa miguu yake, akaja, akafungua kinywa, basi. Hicho ndicho alichokiomba. Telesphory akajiona mjinga kupita kiasi, na akafurahi kuwa mjinga, maana ujinga ule ulikuwa na tiba.

Mzee Nikodemu alishatafsiri kule kuinama kwa namna yake. Akasimama, akafunga vifungo vya koti.

— Usihangaike, mwanangu. Nakwenda mimi Katubuka sasa hivi. Nitamkalisha Joanitha chini, nimweleze kwa niaba yako kwamba wewe...

— Mzee Nikodemu, kaa.

Birika la Hamdani likasimama hewani. Hakuna kijana aliyewahi kumwambia hivyo Spika, na aliyekuja kusema ni Plagi, asiyejua kuagiza hata kashata bila kuona haya.

— Nakuheshimu, mzee wangu, na mengine yote nakuachia wewe. Lakini hili kaa. Data, washa pikipiki.

— Na kura? akauliza Hamdani.

— Endeleeni nayo.

Njia nzima Adolf alimpa ushauri kwa sauti ya juu, kuhusu namna ya kusimama na upande wa kuelekeza uso, na Telesphory hakusikia hata neno. Karakana ya Joanitha iko Katubuka, kibaraza cha bati kando ya barabara, na asubuhi ile alikuwa peke yake anashona sare za shule, rundo la kola nyeupe pembeni yake. Alimwona Telesphory akishuka. Hakuacha kukanyaga cherehani.

Telesphory akasimama mbele ya meza. Macho yalimpeleka kwenye mawingu, na kinywa kilikuwa tayari kusema kwamba leo kunaonekana mvua. Akayarudisha macho kwa nguvu.

— Joanitha. Huku nimejileta mwenyewe. Anayekutaka ni mimi, si Mzee Nikodemu. Nakupenda tangu siku ile uliyokuja Katonga kununua dagaa, ukanikuta naisemesha mashine, ukanicheka. Siku hizo zote nilitaka kukwambia, nikaogopa. Sasa nimekwambia.

Cherehani iliendelea mpaka mwisho wa mshono. Joanitha akainua mguu, akakata uzi, akamtazama.

— Sijasikia. Hii cherehani ina kelele sana. Hebu rudia.

Telesphory alijua fika kwamba amesikia; pembe za midomo zilikuwa zinamsaliti. Mara ya kwanza ilikuwa imemla nguvu zote, na sasa anaambiwa mara ya pili. Akavuta pumzi akarudia yote, dagaa na mashine na hofu, kwa sauti iliyomfanya mama anayepima mawese ng'ambo ya barabara asahau kufunga dumu, na Adolf juu ya pikipiki akavua kofia.

Joanitha akaokota kola nyingine, akaiweka chini ya sindano, kisha akaiacha hapo bila kuishona.

— Haya, akasema. Mwambie Mzee Nikodemu kesho asichelewe. Baba anapenda sana anavyoongea.