Mama Clothilde na Ndugu Aliyeshindwa Kila Siku

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, sogeeni tukae pamoja. Kama uko warehouse, weka sauti chini supervisor asisikie. Kama una-drive kati ya Dallas na Houston, punguza mwendo kidogo. Leo tunamkumbuka mama yetu, Clothilde Nabintu. Mama Clothilde wa Haltom City. Ametuaga Jumanne asubuhi huko Houston, akiwa na miaka sitini na tisa. Mimi ni Truphosa, na leo nina jambo la kukiri mbele yenu.

Mama Clothilde alizaliwa Walungu, kule Kongo, akaolewa Uvira, na vita vikamsukuma hadi kambini Tanzania. Alifika Texas na kitinda mimba wake, Heritier. Miaka minane alifua mashuka ya hoteli, mpaka magoti yakagoma. Kiingereza chake kilikuwa "good morning" na "thank you Jesus", basi. Lakini kila siku saa saba mchana alikuwa na miadi na televisheni.

Kulikuwa na tamthilia ya zamani sana ya mahakamani, ile ya picha nyeusi na nyeupe. Kila siku kuna mauaji, kila siku kuna kesi. Wakili wa mshtakiwa ni mjanja kama sungura, kila siku anashinda. Upande wa pili yuko mwendesha mashtaka wa serikali, mwanamume mrefu mwenye miwani. Huyo kila siku anashindwa. Sisi wengine tunampenda anayeshinda. Mama Clothilde alimpenda huyu anayeshindwa.

Jumapili moja, wakati wa mahitaji ya maombi, mama akasimama kanisani. Akasema, "Tuombee ndugu moja. Anajikaza sana. Anavaa vizuri, anaenda, lakini kila mara anashindwa." Tukaomba. Jumapili iliyofuata akasimama tena, tukaomba tena. Miezi saba, wasikilizaji! Miezi saba kanisa zima lilimwombea yule ndugu. Mimi mwenyewe nilifunga siku tatu bila chai, na mnajua Mluhya na chai.

Sasa, sisi mnatujua. Mwenye shida hatumwombei kwa mbali tu, tunamtembelea. Akina mama wanane tukapika wali, sombe, yaani kisamvu, na kuku. Tukajipanga kwenye magari mawili, kutoka Grand Prairie mpaka Haltom City. Dada Bernadette, kiongozi wetu wa maombi, akabisha hodi. "Mama, tumekuja kumwona yule ndugu."

Mama Clothilde akatutazama. Akazitazama sufuria. Kisha akanyoosha kidole kwenye televisheni.

"Huyu hapa," akasema. "Njo yeye."

Na kweli, alikuwa pale, amesimama mbele ya jaji na miwani yake, anashindwa.

Tulicheka mpaka Bernadette akakaa chini kwenye zulia. Mimi nilicheka kuliko wote. Kufika Jumapili, kanisa zima lilishajua. Watu wakaanza kumwita Mama Mahakama. Watoto wakawa wanamuuliza, "Is he saved now?" Naye alicheka pamoja nasi, hakujitetea hata mara moja. Siku ile ya sufuria, Heritier alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini. Alisimama kwenye mlango wa jikoni na vesti yake ya warehouse, kichwa chini. Tulipoondoka akamwambia mama yake, "Maman, please. Unanipatisha haya."

Hapa nisikilizeni vizuri. Heritier alikuwa amemaliza college ya uuguzi, lakini mtihani wa leseni ulimkatalia. Aliufanya mara tatu, akaanguka mara tatu. Nani alijua? Hakuna. Kanisani alituambia anangoja makaratasi. Na mama yake pia, Heritier alimwambia hivyo hivyo. Moyoni alikuwa ameapa kwamba hatarudi tena kwenye kile chumba cha mtihani. Atabeba maboksi mpaka azeeke.

Wiki chache baada ya kicheko chetu, Ijumaa, mama akamwita sebuleni. "Leo inaisha. Kaa na miye." Ilikuwa sehemu ya mwisho kabisa ya ile tamthilia. Heritier anasema alitegemea kwamba siku ya mwisho, angalau, yule bwana atashinda. Wapi! Alishindwa tena. Mshtakiwa akaachiliwa, watu wakakumbatiana. Yeye akakusanya karatasi zake, akampa wakili mkono, akatoka.

"Nikamwambia," Heritier anasimulia, "Maman, seven months mmemwombea huyu mtu, na bado ame-lose."

Mama yake akazima televisheni.

"Mi sikuwa naombea huyu. Nilikuwa naombea wewe."

"Who told you?"

"Kila mara unatoka kule kwa mtihani, unaosha gari. Mara tatu umeosha gari yenye haina uchafu. Kama ningetaja jina yako kanisani, ungeangalia watu namna gani? Mungu anajuaka jina."

Wasikilizaji wapendwa, hili ndilo jambo langu la kukiri. Mama Clothilde hakuwa mjinga. Alikubali tumcheke yeye ili tusimcheke mwanawe. Na mimi, niliyecheka kuliko wote, sikuwahi kumwomba msamaha. Nisamehe, Mama. Na asante. Nashukuru mpaka nakosa maneno, na mimi si mtu wa kukosa maneno.

Jumatatu iliyofuata ile Ijumaa, saa saba mchana, kituo kikaanza ile tamthilia upya, toka mwanzo. Nani akaingia mahakamani na mafaili yake? Mama akapiga makofi. "Umeona? Amerudi!" Heritier alicheka huku analia, akafungua laptop, akajiandikisha tena. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mara ya nne akapita. Leo ni nesi Houston, anakaa Pearland pale jirani, na alimchukua mama yake akakae naye. Jumanne asubuhi yeye ndiye aliyemshika mkono.

Kwako Heritier, kwa dada yako Rosette, kwa wajukuu, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Ibada ni Jumamosi saa nne asubuhi, Haltom City. Na sisi tuliobaki tujiulize: yule tunayemcheka leo, anamsitiri nani?

Jana nilimpigia Heritier. Nikamwambia, mwanangu, redioni naweza kusema tu "kijana mmoja", nikaacha jina.

"Hapana, Tantine. Maman alinificha vya kutosha. Sema jina yangu. Na useme ni mara tatu."

Basi nasema. Ndugu tuliyemwombea miezi saba anaitwa Heritier Mushagalusa. Alianguka mara tatu.