Rangi Aliyoikosea Mwalimu Phikun

Watawa waheshimiwa, Bwana Afisa Elimu wa wilaya, ndugu, majirani, na ninyi nyote mliofunga maduka yenu kwa ajili yetu, mimi ni Thanom, mdogo wake marehemu, nimepewa kusoma maisha ya dada yangu kabla hatujamkabidhi kwa moto, na nawaomba mnivumilie, kwa sababu kuna mahali humu wanawe walinisihi nipapite kimyakimya, na marehemu mwenyewe aliniapisha nisipapite.

Mwalimu Phikun Wongsai alizaliwa tarehe 12 Machi mwaka 2494 wa Kibudha, hapa hapa mkoani Phrae, mtoto wa kwanza wa Mzee Plueang na Mama Chum, akasoma shule ya hekaluni, kisha sekondari ya wilaya, kisha chuo cha ualimu Chiang Mai, ambako alichagua fizikia wakati wasichana wenzake wakichagua ushoni, akahitimu mwaka 2516, akarudi kufundisha sekondari ileile iliyomlea, na hakuhama mpaka alipostaafu mwaka 2554.

Wengi mlioketi hapa aliwafundisha, na baadhi yenu mlichezea fimbo yake, msijifanye mmesahau. Alichokipenda ni mwanga na rangi, tena siyo vya ubaoni tu, bali vya sokoni na jikoni, maana alikuwa akinunua nyama anaitoa kwanza nje juani aione vizuri, kwa vile wauzaji hutundika taa nyekundu juu ya meza zao, na muuza nyama akimtania, "Mwalimu, unanunua au unaanika?" yeye humjibu, "Kilichonona hapa ni taa yako, siyo nguruwe." Na kila mwaka aliwatoa wanafunzi uani kabla ya jua kuchomoza, wakaone jinsi ua jekundu linavyokuwa jeusi tii huku majani yake bado yanaonekana, kwa sababu katika mwanga hafifu jicho la binadamu huipoteza nyekundu kwanza. Hilo kila aliyepita mikononi mwake analijua.

Aliolewa na Bwana Sawaeng, karani wa posta, tarehe 9 Februari 2518, wakajaliwa watoto wawili, Wirot na Orathai, na Bwana Sawaeng akatangulia mwaka 2540, akamwachia dada nyumba, pikipiki, na ukali wa watu wawili.

Sasa nafika pale. Tarehe 19 Desemba 2547 Orathai aliolewa na Decha, mtoto wa Mama Buatong, mfumaji wa hariri wa kijiji cha ng'ambo ya mto, na saa njema iliyotolewa hekaluni ilikuwa ya mapema mno, kabla ya jua, kwa hiyo msafara wa bwana harusi ulifika na ngoma zake gizagiza, na dada, ambaye kwake taa inayowaka kumekucha ni ufujaji, alikuwa ameshaamuru taa za nje zizimwe. Vijana wetu walikuwa wamefunga njia kwa mkufu wa dhahabu, wanadai bahasha kama ilivyo desturi, vicheko vimetawala, ndipo dada akamwona mkwe mwenzake amebeba sinia la tambuu, kavaa nguo nyeusi.

Nyeusi, kwenye harusi! Dada alisogea mpaka kwenye mkufu, akasema mbele ya wote, "Umekuja kuoza au umekuja kuzika?" Ngoma zikanyamaza. Mama Buatong akasema kwa upole, "Mama, hii ni nyekundu tunayoiita damu ya mzee, nimeitia rangi ya lakiri mwenyewe na kuifuma mwenyewe kwa ajili ya leo." Naye dada akamjibu, ninaona haya hata kuyatamka, "Nimefundisha rangi miaka thelathini, mfumaji wa ng'ambo asinifundishe nyeusi."

Mama Buatong alimpa dada yake mwenyewe lile sinia, akabaki barabarani, mwanawe akaoa yeye akiwa nje. Tulipokuwa ndani ghorofani tunawamwagia maharusi maji ya baraka mikononi jua likatoka, dada akasogea dirishani, nikasogea naye, na pale ukingoni mwa mtaro alikuwa ameketi Mama Buatong, hariri yake nyekundu mpaka inaumiza macho. Kila mtu aliiona. Dada aliitazama kwa muda, akafunga dirisha, na hakushuka.

Hakushuka siku ile, wala mwaka ule, wala miaka ishirini iliyofuata. Somo la maua ya alfajiri hakulifundisha tena, wajukuu wakawa wanafanyiwa sherehe mbili mbili ili mabibi wasikutane, na alipougua ini mwezi Machi mwaka jana, Mama Buatong akawa anamtuma Orathai na uji wa samaki kila wiki, dada akaunywa wote, akarudisha bakuli limeoshwa, bila hata neno la asante. Jamani, ndugu zangu, aibu gani hii!

Nilimwambia, "Dada, mpigie simu basi." Akasema, "Nimwambie nini, Thanom? Kwamba mwalimu wa mwanga hakuijua alfajiri?" Kisha akasema, "Liseme kwenye historia yangu, wakati huo sitalazimika kumtazama usoni." Nikamwambia huo ni woga. Akasema, "Ndiyo, ni woga. Na hilo liseme."

Alifariki tarehe 4 Novemba 2567, saa kumi alasiri, nyumbani kwake. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kuosha vyombo kila usiku wa matanga, na walimu wenzake.

Mama Buatong, nakuona, umeketi safu ya tatu karibu na feni. Dada ameomba umsamehe, na ameomba heshima ya kuweka ua la kwanza kwenye jeneza lake iwe yako, kwa hiyo Bwana Afisa Elimu, utuwie radhi, tulikuwa tumeshakupa wewe. Mama, hulazimiki. Asubuhi ile ulimngoja naye hakushuka, leo yeye ndiye anayekungoja, na hatutawasha moto mpaka upande ngazi hizi au utuambie kwamba hupandi.

Dada Phikun, pumzika kwa amani, kama atakuruhusu.