Mfagizi wa Maktaba Aliyetunga Kamusi

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, mtoto wa tano wa fundi cherehani na mkewe. Wenzake walimwita Kiulizo, kwa sababu kila alichoambiwa alitaka kujua kimetoka wapi.

Alisoma hadi darasa la nne. Baba yake alipougua, ilibidi abaki nyumbani kulea wadogo zake. Jambo hilo lilimuuma maisha yake yote, wala hakulificha.

Tarehe 2 Januari 1967 aliajiriwa kufagia maktaba ya chuo cha ualimu. Kila asubuhi, akishafuta vumbi, alisoma ukurasa mmoja wa kamusi kubwa ya Kiingereza iliyokaa rafu ya tatu, akaandika kwenye kadi maana na asili ya maneno kwa Kiswahili. Haba na haba hujaza kibaba, na chake kilijaa mpaka kikamwagika.

Mwaka 1971 fundi viatu wa mtaani alimwandikia barua kwamba yeye ni "nice", yaani mzuri. Aliirudisha na ujumbe: "Neno hili watu wanalimwaga kila mahali kama chumvi. Sema hasa unachokipenda." Fundi huyo, ndiye baba yetu, akaandika upya, kurasa nne, na harusi ikafungwa tarehe 12 Juni. Maboksi yake ya viatu ndiyo yaliyotunza kadi za maneno za mama kwa miaka thelathini na moja.

Mwaka 2002 mama aliyapeleka maboksi hayo mbele ya kamati ya uchapishaji ya chuo, kadi zichapwe kuwa kamusi. Mwenyekiti, msomi mwenye shahada tatu, alisema kitabu cha mfagizi hakitanunuliwa, hivyo jina lake yeye litangulie kwenye jalada.

"Basi nirudishieni maboksi yangu," mama akasema.

"Kwani mama umesoma mpaka wapi?"

"Shule, darasa la nne. Kamusi, mpaka mwisho."

Mwenyekiti akachomoa kadi. "Hapa unasema 'nice' zamani ilikuwa mjinga. Umeyatoa wapi haya?"

"Kwenye Kilatini, mwanangu. Huko ni asiyejua. Waingereza wakalifanya mjinga, baadaye mtu wa kuchaguachagua, likapanda hivyo hivyo mpaka likawa sifa. Fungueni kamusi yenu, rafu ya tatu. Ishikeni taratibu, jalada limelegea."

Wakafungua, wakakuta kila kitu kama alivyosema. Mwenyekiti akachukua kalamu na kulikata jina lake mwenyewe kwenye fomu ya uchapishaji. Nyumbani vigelegele vilipigwa mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaolewa.

Kamusi ilitoka tarehe 5 Mei 2004 na imechapishwa mara sita.

Mwaka 2023 mama alianza kusumbuliwa na moyo. Daktari wa wodi alikolazwa alimletea nakala ya kamusi yake, ambayo daktari huyo aliitumia sekondari, ili aitie sahihi. Mama akasaini, kisha akamwambia, "Hebu lete tena hiyo kalamu. Ukurasa wa mia mbili na kumi una kosa, sitaki uondoke nalo."

Alifariki tarehe 18 Agosti 2024, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba.

Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu wanane. Mwenyekiti yule, sasa mzee wa mkongojo, ameomba kutembea mbele ya jeneza akiwa amebeba kamusi, na familia imeridhia. Juu ya jalada kuna jina moja tu. Mama, pumzika kwa amani. Kazi ni yako.