Mama Hewa, Mwenye Saluni ya Kucha

Marehemu, ambaye wengi wenu mliofika kumsindikiza mlimwita Mama Hewa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968. Akiwa darasa la sita aliwapaka kucha wenzake wote kwa wino mwekundu wa mwalimu. Mwalimu hakugundua mpaka alipouliza swali jepesi na darasa zima likanyoosha mikono. Alipewa adhabu ya kufagia uwanja wiki nzima, na inasemekana mwalimu wa kike wa darasa la pili alimfuata huko kumuuliza kama wino umebaki.

Baada ya kidato cha nne alisomea ushonaji, akashona sare za shule miaka kumi na tano. Tarehe 2 Mei 1996 alifungua saluni ya kucha kati ya duka la viatu na duka la dawa. Ilikuwa na meza nne na dirisha moja, ambalo alilipigilia misumari ili vumbi la barabarani lisiingie na ubaridi wa kiyoyozi usitoke. Kiyoyozi hicho ndicho kilichomletea mume. Fundi umeme aliyekifunga alirudi kukikagua mara nne ndani ya mwezi mmoja, kikiwa kizima kabisa. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1997, wakajaliwa wana wawili.

Sasa, familia imekubaliana tuseme kweli, maana marehemu mwenyewe hakuwa mtu wa kupindisha maneno. Kwa miaka mingi hakuamini kwamba kazi ya kucha ina madhara. Mashine ya kuchonga kucha bandia ilirusha unga mweupe hadi kwenye nyusi za wafanyakazi, asetoni ya kufutia rangi na gundi zikawachoma macho, naye akiwa kwenye kiti chake karibu na mlango alisema, "Hiyo ndiyo harufu ya usafi." Mpwa wake, ambaye ndiye anayewasomea haya, alikohoa kwenye meza ya pili miaka mitatu. Marehemu alisema ni baridi, akamnunulia sweta. Mpwa akavaa, akaendelea kukohoa, sasa huku anatoka jasho.

Mwaka 2011 daktari alimpumzisha mpwa huyo wiki mbili, akaandika barua kwamba kifua kinabanwa na vumbi na mvuke wa kazini, na asipobadilishiwa mazingira hakitapona. Marehemu aliisoma yote, kisha akauliza, "Huyo daktari kucha zake umeziangalia?"

Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ulikuwa msimu wa harusi, ikabidi akae mwenyewe meza ya pili. Siku ya nne kichwa kilimgonga na macho yakamtiririka.

"Mama, unalia?" bibi harusi alimuuliza.

"Nimefurahi kwa ajili yako, mwanangu," akajibu, akatoka nje kukohoa.

Jioni hiyo alifika kwa mpwa wake, akanywa maji glasi mbili. Kisha akasema, "Lile sweta nirudishie. Haikuwa baridi."

Aliyemjua anajua kwamba huko ndiko kuomba radhi. Mpwa alikwenda kulileta, akakawia kidogo chumbani, maana machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Kesho yake misumari ya dirisha iling'olewa. Mumewe alitoboa ukuta, akafunga kwenye kila meza feni ya kuvuta vumbi na mvuke na kuvitoa nje kwa bomba. Feni ya kwanza aliifunga kinyume, na mwalimu mkuu mstaafu aliyekuwa kitini akainuka kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga unga. Yupo nasi leo, na amekwisha kusamehe.

Toka hapo hakushikika. Chupa zote zilifunikwa, ndoo ya taka ikapata mfuniko, wafanyakazi wakapata barakoa za vumbi. "Barakoa inazuia unga, mvuke haiuzuii," alimwambia kila mteja, atake asitake. "Mvuke dawa yake ni kuutoa nje." Mchuuzi aliyeleta gundi isiyo na maandishi aliambiwa ainuse mwenyewe kwanza, dakika kumi. Hakuonekana tena. Marehemu aliingia saluni za wenzake kama mteja, akafungua dirisha, akaondoka bila kutengenezwa hata kucha moja. Wenye saluni walimnunia. Wafanyakazi wao ndio waliompa jina la Mama Hewa. Leo saluni sita za mtaa wetu zina feni.

Januari mwaka 2024 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa tarehe 11 Februari. Wodini alimrekebisha muuguzi: "Barakoa ni ya pua, mwanangu. Kidevu hakipumui." Alifariki tarehe 19 Februari, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Muuguzi yule alilia, barakoa ikiwa imefunika pua.

Ameacha mume, wana wawili, wajukuu watatu, dada wawili, mpwa anayeiendesha saluni, na wafanyakazi saba ambao hata mmoja hakohoi.

Mola amlaze kwa amani, na waliomtangulia huko wamvumilie.