Fomu Mbili za Mwalimu Penseli

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, walimu na wanafunzi mliofika, familia imemtuma mdogo wake marehemu awasomee safari ya maisha ya kaka yake, naye ameona ajiite hivyo hivyo, mdogo wake, kwa kuwa anajijua, akianza kusema "mimi" hatafika ukurasa wa pili.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Penseli, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi wa breki, na mdogo wake huyu wa kike alimfuata miaka tisa baadaye, akalelewa zaidi mgongoni mwa kaka kuliko mahali pengine popote. Alianza shule ya msingi Januari 1965, akamaliza kidato cha sita mwaka 1977, akasomea ualimu wa Fizikia, na baba yao alipofariki mwaka 1979 yeye ndiye aliyeshika nafasi yake, akamsomesha mdogo wake kwa jasho lake, jambo ambalo halikusahauliwa hata katika miaka ambayo halikusemwa.

Januari 1980 aliajiriwa katika sekondari ya kutwa iliyo juu ya stesheni, akafundisha hapo miaka thelathini na minane, katika maabara yenye meza sita na koki moja iliyovuja siku zote, na pamoja na vipindi vyake alikabidhiwa fomu za kuchagua masomo ya sayansi kwa wanaokwenda kidato cha tano. Hapa pana jambo ambalo marehemu mwenyewe alimwagiza mkewe lisirukwe leo. Tarehe 9 Oktoba 1984, siku ya mwisho ya fomu, mdogo wake alikuwa amelala nyumbani na homa, kaka akamjazia yeye, kwa wino, Fizikia, Kemia na Hisabati, akijua fika kwamba binti huyo alitaka Baiolojia, kwamba udaktari ulikuwa mdomoni mwake tangu ana miaka saba, lakini aliamini mwenye Hisabati hakosi kazi popote, na mama yao alipouliza akajibiwa kwamba samaki mkunje angali mbichi. Mdogo wake alifeli Hisabati mara mbili, akaishia kuwa mtunza ghala la dawa hospitalini, akiwapelekea madaktari maboksi hadi mlangoni na kurudi, na kwa miaka kumi na mmoja alimsalimia kaka yake kwa ncha ya ulimi tu.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 6 Juni 1987 na fundi cherehani ambaye leo ni mjane wetu, wakajaliwa binti na mvulana, na mdogo wake alihudhuria arusi hiyo, akakaa kiti cha nyuma, akaondoka kabla ya chakula, kosa ambalo wifi yake alimsamehe zamani, ingawa hajaacha kumkumbusha.

Matokeo yale ya mdogo wake ndiyo yaliyomzalia marehemu jina la Penseli, maana tangu hapo kila mwanafunzi alijaza fomu kwa penseli, akaenda nayo nyumbani siku saba, akagombana na wazazi wake vya kutosha, ndipo akarudi kuandika wino kwa mkono wake, mwalimu akiwa amesimama nje ya mlango. Mwalimu mkuu alimwandikia barua ya onyo kwa kuchelewesha fomu, wazazi wakamjia juu wakiuliza ni mtoto gani anayejua anachotaka, naye akawajibu kwamba hajui, ndiyo maana anapewa penseli. Mwaka 1995 alimfuata mdogo wake ghalani, akaomba msamaha akiwa amesimama katikati ya maboksi, akajibiwa kwamba maji yakimwagika hayazoleki, lakini alipewa kiti, na tangu hapo walikunywa chai pamoja kila Ijumaa, jambo lenyewe halikuguswa tena.

Alianza kuumwa tumbo Februari 2023, akalazwa tarehe 3 Mei, na daktari bingwa, aliyepata kuwa mwanafunzi wake, aliona uvimbe kwenye utumbo, akashauri upasuaji, marehemu akaomba siku saba za kufikiri, akamtania daktari amletee penseli. Tarehe 6 Mei utumbo ulitoboka, fahamu zikampotea, mkewe alikuwa bado njiani, na aliyekuwa kando ya kitanda ni mdogo wake, akapewa fomu ya ridhaa na kalamu ya wino, akaambiwa hakuna muda, akatia saini, akijua fika kwamba mwenye mwili hajajibu. Alipasuliwa usiku huo huo, akafariki tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, bila kuzinduka. Madaktari wamemweleza mdogo wake kwamba hapakuwa na njia nyingine, naye anawaamini mchana, usiku inamwia vigumu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliopika na kufagia bila kuombwa, walimu wenzake, na ninyi wanafunzi mliokuja na penseli mifukoni, tumeziona.

Kaka yangu, fomu yako nilikusamehe pale nilipoishika ile kalamu, ya kwangu utanijibu tukionana. Pumzika kwa amani.