Pesa ya Taa Mchana Kweupe

Ilianza Jumamosi ya likizo ya Aprili, mwaka wa tisini na saba, saa tisa na dakika kumi mchana. Najua saa kwa sababu huwa naandika shajara, na jioni ile niliandika, "Leo baba amenishika mkono mbele ya watu." Mama zangu na shosho zangu wa kikundi hiki cha akiba hapa Mwihoko, mtanivumilia nikisoma badala ya kuongea. Mnanijua. Hata mkiniuliza sukari iko wapi, huwa naonyesha kwa kidole. Sitataja jina la mtu. Na baba anajua ninachosoma, nilimsomea yeye kwanza.

Mimi ndiye msichana wa kwanza kwetu, kwa hivyo nilipewa jina la shosho, mama yake baba. Baba hajazoea kuniita hilo jina. Huniita maitu, yaani mama yangu, kama wanaume wengi wa kwetu wanavyowaita wasichana waliopewa majina ya mama zao. Shosho alikuwa na mkono wa baraka. Kule Ngoliba, kwa ardhi ile kavu, alikuwa anapanda mahindi yakashika hata majirani wakikosa. Alizikwa hapo hapo shambani.

Sasa, Jumamosi hiyo baba aliniambia nimsindikize mjini Ruiru. Tulipita nyuma ya hoteli moja ya chai, na huko kulikuwa na meza na wanaume wanacheza karata za pesa. Baba aliketi kama mtu aliyezoea, akanishika mkono, akanisimamisha kando yake. Akachukua karata zote, akazisukuma mbele yangu, akasema, "Kata, maitu." Nikakata, nusu ya juu nikaiweka chini. Akashinda. Akacheza tena, nikakata, akashinda. Mmoja wao akasema huyu leo amekuja na mama yake, tufunge mifuko, na wote wakacheka hadi mwenye hoteli akatoka kuangalia.

Baba alininunulia soda na chipsi. Nilirudi nyumbani nikiangalia mkono wangu. Mama zangu, nawaambia ukweli, nilifurahi. Shuleni mimi ni yule anayekaa nyuma na hakuna anayejua kama amekuja. Hapo kwa meza, wanaume wazima walikuwa wananingoja.

Tukawa tunaenda kila Jumamosi. Nilipofunga shule Agosti, hata katikati ya wiki. Lakini mkono wangu ukaanza kukosa. Baiskeli ya baba ikaenda. Cherehani ya mama ikaenda, akaambiwa imepelekwa kurekebishwa. Mama alikuwa amegombana naye mpaka akachoka, akaacha. Na baba hakunigombeza hata siku moja. Angenigombeza ningesikia afadhali. Alikuwa anauangalia mkono wangu, kisha ananiuliza polepole leo nimeshika nini.

Basi nikaanza kuuchunga. Niliacha kusuka nywele za rafiki zangu, nikiogopa baraka itaishia kwa vichwa vya watu. Niliacha kukata vitunguu. Usiku nilikuwa nalala nimeuweka chini ya mto. Nilimwomba Mungu anirudishie mkono wa shosho. Kila baba akipoteza, nilijua ni mimi nimempotezea. Hilo ndilo shimo nililoangukia, na hakuna aliyejua niko ndani kwa sababu sikuwa naongea.

Baba alikuwa na neno moja: ukikaa kwa meza muda mrefu, pesa yako inarudi. Nililiamini. Mpaka siku ya maharagwe.

Mama alikuwa ameenda kuteka maji, akatuachia maharagwe ya kuchagua, mimi na dada zangu wawili. Wakataka niwafundishe ule mchezo wa baba. Tukagawana maharagwe sawasawa, yakawa ndiyo pesa. Nikawaonyesha kila kitu, hata ile desturi ya taa. Niwaelezee na nyinyi. Mwenye ile meza hakuwa anacheza. Alikuwa anasimama hapo na kitambaa begani. Kila mtu akishinda, kabla hajavuta pesa, mwenye meza anachukua humo shilingi kumi, ndiyo pesa ya taa. Tulikuwa tunacheza mchana, jua liko utosini. Taa yenyewe ilikuwa imening'inia kwa msumari na sikuwahi kuiona ikiwashwa. Hakuna aliyeuliza. Hata mimi niliona ni heshima ya mahali.

Kwa hivyo kila mchezo tukawa tunatoa haragwe moja, tunatia kwa kikombe. Dada yangu mdogo alishinda sana, akaanza kujigamba kwamba sasa yeye ndiye shosho. Tulicheza mpaka mahindi yakaiva jikoni. Mama aliporudi akauliza mbona maharagwe yamepungua hivi. Tukaangalia. Mimi nilikuwa nimeisha. Dada wa pili alikuwa amebaki na machache ya kushika kwa vidole. Na yule aliyeshinda, aliyekuwa anaimba, alikuwa nayo machache kuliko alivyoanza. Kikombe kilikuwa kimejaa. Mama akakichukua, akamimina kwa sufuria.

Usiku huo sikuweka mkono chini ya mto.

Lakini kulikuwa na mzee mmoja aliyenisumbua akili, kwa sababu yeye alikuwa anashinda kweli. Siwezi kudanganya hapa. Alikuwa anavaa kofia ya sufu, na alikuwa anatupa karata nyingi kuliko alizocheza, anangoja. Siku iliyofuata, kule kwa meza, baba alipoenda msalani, nikajikaza nikamwita kama babu yangu, nikamuuliza, "Guka, wewe hushinda aje?"

Aliniangalia kama kiti kimeongea. Akasema, "Mimi sishindi karata, msichana. Mimi namshinda babako, na hawa wengine. Siku wakiacha kuja, mimi na mwenye taa tutabaki kuangaliana."

Nikahesabu nyuso za ile meza. Mmoja alikuwa ameuza ng'ombe. Mwingine bibi yake alikuwa amerudi kwao. Wote walikuwa wanangoja muda mrefu ufike. Kwa watu wote hao, anayerudi nyumbani na kitu ni huyu mzee peke yake, na mwenye meza, ambaye hata karata hashiki.

Alhamisi hiyo baba alivaa koti la kanisani. Tulipofika kwa meza akatoa kwa mfuko wa ndani karatasi iliyokunjwa. Nikaijua. Ilikuwa hati ya shamba la Ngoliba, pale shosho amelala. Akaiweka katikati, akasukuma karata kwangu.

"Kata, maitu. Leo inarudi."

Mikono yangu nikaiweka nyuma. Akarudia. Nilikuwa nataka ardhi inimeze, wanaume wote wananiangalia. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, lakini ilitoka.

"Kama huu ni mkono wa mama yako, basi mama yako amekataa."

Baba alisimama, nikajua nitapigwa. Hakunipiga. Akakata karata mwenyewe. Lakini hakuna mtu aliyezichukua. Mzee wa kofia alivuta kiti nyuma, akasema hawezi kula shamba ambalo mama wa mtu amelikataza, na kaburi lake liko hapo. Akaondoka. Wengine wakafuata. Msifikirie ni huruma, mama zangu. Ni woga wa laana. Wale watu walikuwa wamecheza baiskeli yetu na cherehani yetu bila kupepesa jicho. Mwenye meza tu ndiye aliyeuliza nani atalipa ya taa.

Baba alirudisha hati mfukoni, akatembea mbele, mimi nyuma, mpaka nyumbani. Hakula. Hakuniita maitu wala jina.

Nawashukuru nyinyi, kwa sababu mama alikopeshwa cherehani nyingine hapa na hamkumuuliza maswali. Namshukuru mama kwa kumimina yale maharagwe bila kunichapa. Sijui kama baba ameacha kabisa. Siku zingine hupita ile njia ya hoteli, na huwa naketi nikisikiliza mlango. Somo langu ni dogo. Mkionyeshwa aliyeshinda, msimwangalie yeye peke yake. Ulizeni pesa ya taa inaenda wapi.

Nilitaka kumalizia hapo, lakini mama amesema nisome na ya asubuhi yake. Ijumaa niliamka nikamkuta baba ameketi mlangoni, koti liko kwa msumari. Nikatia mkono kwa mfuko wa ndani, nikatoa hati akiniona. Nikamwambia naipeleka Mwihoko kwa wamama, ikae kwa lile sanduku lenu la kufuli tatu. Kulikuwa na ile baridi ya Agosti. Nilipofika kwa barabara nikasikia ananiita.

"Vaa sweta, maitu."

Nikarudi nikavaa, kisha nikaileta hati hapa.